Mazimbu: ardhi moja, amana tatu

Familia inayosafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Iringa au Mbeya hupita Morogoro kwa haraka. Basi husimama stendi ya Msamvu, watoto hununuliwa maji na matunda, wazazi huitazama milima ya Uluguru iliyojifunika mawingu, kisha safari huendelea. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024, hata kusimama huko kumefupika. Wengi huondoka wakiujua mji kwa milima yake tu. Hawajui kwamba kilometa chache kutoka katikati ya mji ipo ardhi ambayo, ndani ya umri wa mzee mmoja, imekuwa shamba la mkonge, kisha makazi na shule ya wapigania uhuru, na leo ni sehemu ya chuo kikuu.

Ardhi hiyo ni Mazimbu. Nimeichagua kwa ukurasa huu wa familia kwa sababu historia yake inagusa swali linalotukabili mara kwa mara katika kamati za misikiti na katika vikao vya mirathi: ardhi iliyotengwa kwa kazi fulani, kazi hiyo ikikoma, hukaa mikononi mwa nani, na humnufaisha nani?

Mto, mlima na mkonge

Anayefika Mazimbu asubuhi huiona Uluguru yote imesimama mbele yake, vilele vyake virefu vikizidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mto Ngerengere, unaoanzia katika miteremko ya milima hiyo na kupitia bwawa la Mindu linalowapa maji wakazi wa mji, hupita karibu. Ardhi ni tambarare na nyekundu, na mvua inayozuiwa na milima huifikia kwa kiasi. Ukisimama hapo unaelewa upesi kwa nini mkulima mkubwa wa zamani aliitamani: maji yako jirani, reli iko jirani, na jua halikosekani.

Mkulima huyo alitaka mkonge. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Asili yake ni Mexico, na uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Miche iliyonusurika katika safari ile hadi pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalizuka mashamba yaliyoitawala nchi. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, mkonge uliifuata njia ya reli, ukaenea Ngerengere, Morogoro, Kimamba na Kilosa.

Wazee wa mkoa huu wanakumbuka vizuri maisha ya mashamba hayo. Wanakumbuka manamba, vibarua waliotoka mikoa ya mbali kwa mkataba, wakaitwa kwa namba badala ya majina yao. Wanakumbuka korona, mtambo wa kusaga majani na kutoa nyuzi, uliosikika tangu alfajiri, na harufu ya maji machafu yaliyotoka humo. Wanakumbuka pia singa nyeupe zilizoanikwa juani safu kwa safu kabla ya kufungwa marobota na kupakiwa kwenye behewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mkonge hukatwa majani kwa miaka kadhaa, kisha huchomoza mlingoti mmoja mrefu wa maua, na baada ya hapo hufa. Mashamba nayo yalikuwa na hatima inayofanana na hiyo. Kamba za nailoni na plastiki zilipoingia sokoni, bei ya katani ilianguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba, lakini soko la dunia halikurudi. Shamba moja baada ya jingine lilifunikwa na magugu. Kufikia mwaka 1977, Mazimbu lilikuwa shamba lililoachwa, lenye nyumba chache chakavu na mikonge iliyomezwa na vichaka.

Tutazame kilichobaki hapo. Ardhi kubwa ilikuwa imetumikishwa kwa zao moja, soko moja na mmiliki mmoja asiyeishi hapo. Zao liliposhindwa, hapakuwa na kitu ambacho jirani angeweza kukitumia, si shule, si zahanati, wala soko. Miaka mingi ya jasho la manamba iliishia kwenye melikebu, na kwenye ardhi yenyewe ikabaki nyika.

Watoto wa Soweto

Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto nchini Afrika Kusini waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikaana. Waliuawa kwa risasi. Katika miezi iliyofuata, maelfu ya vijana walivuka mipaka na kuingia Botswana, Swaziland na Msumbiji, wengi wao wakiwa hawajamaliza shule. Chama cha ANC, kilichokuwa kimepigwa marufuku kwao tangu 1960, ghafla kilijikuta na watoto wa kulea. Wengine walitaka bunduki siku hiyo hiyo. Viongozi wao waliona kwamba mtoto wa miaka kumi na tano anahitaji darasa kwanza.

Morogoro haikuwa ngeni kwa ANC. Chama hicho kilikuwa na ofisi zake mjini hapa, na mkutano wake mashuhuri wa ushauri ulifanyika hapa kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Hivyo ombi la ardhi ya shule lilipofika, lilifika kwa watu wanaofahamiana. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania, kupitia Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wa wakati huo, Mama Anna Abdallah, iliwapa shamba la Mazimbu.

Waliotangulia walianza kwa panga na jembe. Walifyeka vichaka, wakakarabati nyumba za zamani za shamba, na mwaka 1978 masomo yakaanza katika majengo hayo hayo. Mwaka uliofuata shule ilipata jina lake. Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22, alinyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979, na shule ikaitwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kwa kifupi SOMAFCO.

Kilichofuata ni ujenzi ambao hata leo unamshangaza anayeuzunguka. Kwa misaada ya Sweden, Norway, Finland, Denmark, Uholanzi na vikundi vya mshikamano vya nchi nyingi, na kwa mikono ya mafundi na vibarua wa Morogoro waliofanya kazi pamoja na wageni wao, palijengwa shule ya chekechea, shule ya msingi, sekondari, mabweni, nyumba za walimu na maktaba. Hospitali ilijengwa kwa msaada wa Waholanzi. Kiwanda cha samani kilipewa jina la Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964. Palikuwa na karakana, ushonaji, mashamba ya mahindi na mboga, na mifugo. Wanafunzi walisoma na kulima. Wengine wao, watoto wa mjini Johannesburg, hawakulipenda jembe hata kidogo, na malalamiko yao yamo katika kumbukumbu za shule. Ila falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwaka 1967, ilikuwa ndiyo hewa ya nchi iliyowapokea.

Wanafunzi walipoongezeka, mwaka 1982 Serikali iliwaongezea eneo jingine Dakawa, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Dodoma. Tarehe 22 Agosti 1985 Oliver Tambo, Rais wa ANC, alikifungua rasmi chuo cha Mazimbu.

Jambo moja lizingatiwe. Watu hawa walijua tangu siku ya kwanza kwamba wataondoka. Kila siku walisali na kuimba kwa ajili ya kurudi kwao. Na bado walijenga kwa saruji, wakachimba misingi, wakavuta maji na umeme, wakapanda miti ya kivuli. Wangeweza kuishi kwenye mahema wakisubiri, kwani ardhi haikuwa yao na hawakuwa na hakika ya kukaa. Walichagua kujenga kama watu wanaomjengea mwingine atakayekuja baada yao, wasiyemjua.

Makabidhiano ya 1992

Februari 1990 marufuku dhidi ya ANC iliondolewa na Nelson Mandela akatoka gerezani. Mazimbu ilianza kufungasha. Tarehe 9 Julai 1992, katika hafla ambayo Oliver Tambo mwenyewe alizungumza, ANC iliikabidhi Serikali ya Tanzania, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Mazimbu na Dakawa pamoja na majengo yote yaliyojengwa. Kumbukumbu za shule zilipelekwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, kwao. Darasa, kitanda cha hospitali na karakana vilibaki hapa.

Serikali ikaikabidhi Mazimbu kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo hicho kilikuwa kimeanza kama chuo cha kilimo mwaka 1965, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1969, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, kikipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa mwezi Aprili mwaka huo huo. Sasa pale panaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Vijana wa Kitanzania wanasoma humo sayansi na ualimu. Dakawa nayo ina chuo cha ufundi stadi na shule ya sekondari.

Nilipoitembelea kampasi hiyo, kilichonigusa zaidi ni ukawaida wake. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini ya miti wakirudia masomo. Wasichana wawili waliovaa hijabu walikuwa wakibishana juu ya hesabu iliyowashinda. Nguo zilikuwa zimeanikwa nje ya mabweni. Hakuna aliyeonekana kukaa ndani ya jumba la makumbusho, na bado kila walichokitumia kilikuwa ni historia. Upande wa makaburi kuna utulivu mwingine. Hapo wamezikwa Waafrika Kusini walioondoka kwao wakiwa na matumaini ya kurudi na ajali au maradhi yakawatangulia. Nilisoma miaka ya kuzaliwa na kufariki kwenye mawe, na mingi ilikuwa ya vijana.

Hata hivyo, hesabu ya makabidhiano haikuwa safi yote. Katika miaka ile kumi na mitano, baadhi ya wanaume wa ANC walioa au kuzaa na wanawake wa Kitanzania. Wapo waliofuatana na waume zao kwenda Afrika Kusini na wapo waliobaki na watoto, wakingojea barua au nauli. Majengo yalikuwa na orodha na sahihi. Wanawake hao na watoto wao hawakuwa na orodha. Watafiti wameandika habari zao, na wenyeji wa Morogoro hawazihitaji kuzisoma, kwa kuwa wanaishi nazo. Hili nalitaja kwa makusudi: mali inapobadilisha mikono, haki za watu waliofungamana nayo ndizo husahauliwa kwanza.

Milima ilivyokataa amri

Ili kuona upande wa pili wa jambo hili, tuinue macho tuitazame Uluguru yenyewe. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi yao ya asili ardhi ya mlimani ilikuwa ya ukoo, si ya mtu mmoja. Mgeni aliweza kuazimwa shamba akalima na kula, lakini kupanda miti ya kudumu kulikuwa jambo zito, kwa kuwa mti hugeuka dai. Yalikuwepo matumizi, na ilikuwepo milki, na kila mtu alijua mpaka kati ya viwili hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima unamomonyoka, ikaanzisha mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini wakulima waliona matuta yakiufukua udongo wa chini usio na rutuba, kazi ikiwa nzito isiyo na malipo, na wengi wakaingiwa na wasiwasi kwamba ardhi ikishatengenezwa wataporwa. Mwezi Julai 1955 hasira zililipuka. Huko Matombo polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Mazimbu na Matombo ziko katika mkoa mmoja, na zote mbili zilihusu kubadilisha matumizi ya ardhi. Mazimbu mwenye ardhi alitoa kwa hiari, mpokeaji akapokea kwa shukrani, na jirani akapata kazi na matibabu. Matombo mabadiliko yaliletwa na amri, kwa watu ambao hawakushauriwa juu ya mashamba yao wenyewe. Palipo na ridhaa, majengo bado yanatumika. Palipo na amri, matuta yalibomolewa na mvua, na kilichobaki katika kumbukumbu ya watu ni kifo cha mwenzao.

Jirani yetu wa Msamvu

Msomaji Mwislamu hahitaji kwenda mbali kupata mfano mwingine. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambacho wengi wetu tumesomesha humo watoto au ndugu zetu, hakikujengwa juu ya kiwanja kitupu. Majengo yake ya mwanzo yalikuwa ya chuo cha mafunzo cha Shirika la Umeme, TANESCO. Wakati wa Rais Benjamin Mkapa, Serikali iliyatoa kwa Waislamu kupitia taasisi ya Muslim Development Foundation, na mwaka 2005 chuo kikafungua milango kwa wanafunzi wake wa kwanza. Darasa lililomfundisha fundi wa nyaya likawa darasa la mwalimu wa sekondari na la mwanasheria.

Kwa hiyo katika mji huu mmoja vipo vyuo viwili vilivyorithi kazi ya watu wengine. Hilo liwe funzo kwa wanaodhani kwamba jumuiya haiwezi kuanza kitu mpaka ijenge kila tofali upya. Liwe pia onyo, kwa sababu jengo ulilopewa lina mgeni wa kesho kama lilivyokuwa na mwenyeji wa jana. Anayelipokea leo aulizwe analitunza vipi na analiandika vipi.

Kutoka Khaybar hadi kiwanja cha msikiti

Sheria yetu ililiangalia jambo hili mapema sana. Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipata ardhi Khaybar, na hakuwa amepata mali aliyoithamini kuliko hiyo. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka ushauri. Alielekezwa aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Umar akaweka masharti yajulikanayo: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na mapato yake yaende kwa masikini, jamaa, ukombozi wa walio utumwani, wasafiri na wageni, huku msimamizi akiruhusiwa kula kwa wema.

Ukiisoma orodha ile, unaona upana wake. Umar hakuifunga ardhi kwa zao moja wala kwa jengo moja. Aliifunga kwa watu wenye haja, ambao hawakosekani katika zama yoyote. Aliyekuwa utumwani, msafiri na mgeni ndio hao hao ambao, kwa majina mengine, walifika Mazimbu wakiwa wametoroka ubaguzi. Shamba la mkonge lilifungwa kwa katani, na katani ilipokosa soko shamba likafa. Shule ilifungwa kwa elimu, na elimu haikosi mwenye kuihitaji.

Sasa turudi kwenye makabati ya misikiti yetu. Ninaandika nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, na kazi ya katibu ni karatasi. Ninachokikuta kwenye karatasi, na ninachosimuliwa na makatibu wenzangu, kinafanana. Mzee mmoja mwema alisema mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa kwamba kiwanja kile ni cha msikiti. Mashahidi wakasema amin. Hakuna aliyeandika. Miaka ishirini ikapita, mzee na mashahidi wakatangulia mbele ya haki, mji ukapanuka, na kiwanja kilichokuwa pembeni kikawa kando ya barabara ya lami. Wajukuu, ambao nao wana shida zao za kweli, wakaja na hati yenye jina la babu. Kamati ikabaki na kumbukumbu za midomo.

Tusidhani kwamba shinikizo hili litapungua. Katika sensa ya mwaka 2022 Manispaa ya Morogoro ilihesabiwa kuwa na watu 471,409, kutoka 315,866 katika sensa ya mwaka 2012. Watu wote hao wanataka mahali pa kulala, na kila kiwanja kisicho na hati wala uzio huonekana hakina mwenyewe.

Kwa hiyo nayaweka mbele ya wasomaji mambo manne ambayo Mazimbu imeyafundisha, kwa kufanikiwa kwake na kwa kupungukiwa kwake.

La kwanza ni kuandika. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia. Haki hiyo husimama kwa nyaraka. Anayeweka wakfu aandike akiwa hai na mwenye afya, mbele ya mashahidi na mwanasheria, na umiliki uhamishiwe kwa wadhamini waliosajiliwa kisheria. Jina la imamu au la mwenyekiti halitoshi, kwa kuwa viongozi hubadilika na hufariki. Nakala zikae mahali zaidi ya pamoja.

La pili ni kutaja lengo kwa upana. Anayeandika kwamba kiwanja ni cha madrasa tu amewafunga wajao. Anayeandika kwamba ni kwa ajili ya elimu na manufaa ya Waislamu na majirani wa eneo hilo amewaachia njia. Kuhusu wakfu uliokwisha kufungwa kwa lengo finyu, tuwaachie wanazuoni. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi kwetu, yameubana sana mlango wa kuuza au kubadilisha wakfu. Wenzao wa Hanafi na Hanbali wameufungua kwa masharti pale manufaa yanapokuwa yamekoma. Kamati isijifanye mufti. Iulize, ipate jibu kwa maandishi, na kisha iende kwenye mamlaka ya mipango miji kuomba kibali cha kubadilisha matumizi, maana fatwa pekee haitoshi mbele ya afisa ardhi, na kibali pekee hakitoshi mbele ya Allah.

La tatu ni kujenga kinachoweza kurithiwa. Majengo ya Mazimbu yaliwafaa wapokeaji kwa sababu yalikuwa madarasa, mabweni, nyumba za kuishi na zahanati, vitu ambavyo jamii yoyote huvihitaji. Kamati yenye fedha ichague kwanza kisima, darasa na choo bora kabla ya pambo la mnara wa tatu.

La nne ni kuwaorodhesha watu pamoja na mali. Pale ardhi inapohama, waulizwe walioishi juu yake, waliolima kando yake na waliopata riziki kutokana nayo. Mjane wa mtoa wakfu anakaa wapi? Mlinzi aliyelala pale miaka kumi analipwa nini? Mpangaji wa kibanda anapewa muda gani? Wanawake waliobaki Morogoro baada ya 1992 wanatukumbusha kwamba hafla inaweza kuwa nzuri, hotuba zikawa nzuri, na mtu akabaki mlangoni na mtoto mkononi.

Kwa familia zitakazopita Morogoro

Likizo ijayo, mkipita hapa, msiishie Msamvu. Panda daladala au bajaji hadi Mazimbu, ombeni ruhusa getini kwa adabu kwa kuwa ni mahali pa masomo, na watembezeni watoto chini ya miti ile. Waonyesheni majengo na wasimulieni nani alilima hapa, nani alikimbilia hapa na nani anasoma hapa sasa. Nendeni mpaka makaburini, mkumbuke kwamba walizikwa mbali na mama zao. Mkiwa na muda wa ziada, pandeni miteremko ya Uluguru. Misitu yake ya juu sasa ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na maji yanayotiririka humo huingia mto Ruvu na kuwafikia wakazi wa Dar es Salaam kwenye mabomba yao. Mtoto wa Kariakoo anayefungua bomba ana haki ya kujua kwamba kuna mlima unaomtunza.

Na mtakaporudi nyumbani, kaeni na wazee mkiwa bado mnao. Muulizeni babu kwa heshima kile kiwanja alichosema ni cha msikiti kiko kwa jina la nani. Mwulizeni bibi lile shamba la ukoo linatambuliwa na karatasi gani. Kama ipo, toeni nakala. Kama haipo, wiki hii hii mtafuteni mwanasheria na mashahidi wawili waadilifu, maana babu akishaondoka kalamu itakuwa mikononi mwa warithi, na kila mrithi ana haja zake.

Wabillahi tawfiq.